Istilahi za Uhandisi Baina ya Chuo na Karakana

Mwanafunzi wa uhandisi katika vyuo vikuu vya Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza, hufanya mtihani kwa Kiingereza, na ripoti yake huiandika kwa Kiingereza. Lakini siku anapovuka lango la chuo kwenda kiwandani, barabarani au kisimani, watu anaowakuta huko huzungumza Kiswahili, tena Kiswahili chenye maneno mengi ya kazi ambayo yeye hakuyasikia darasani. Kwa sababu hiyo istilahi za uhandisi hutufikia kwa njia mbili zisizokutana: nyingine hutoka kwa wahadhiri, wakitaka tafsiri ya neno la kitabuni, nyingine hutoka kwa mafundi, ambao hawakumwomba mtu tafsiri bali wamekwisha kujitungia. Katika makala haya tunakusudia kueleza baadhi ya istilahi hizo, na hasa zile zinazohusu utafiti unaofanywa vyuoni kwa ajili ya kutatua shida za wananchi, maana huko ndiko neno lisilofaa linakoweza kuleta madhara.

Tuanze na neno lenyewe. Mhandisi ni neno lililotokana na Kiarabu, na Kiarabu nacho kilichukua asili yake kutoka Kiajemi, katika neno lenye maana ya kipimo. Kwa hiyo mhandisi, kwa asili ya jina lake, ni mtu wa vipimo. Maana hiyo yafaa ikumbukwe, kwa kuwa ndiyo inayomtofautisha na fundi. Si kwamba fundi hapimi; fundi hodari hupima kwa jicho na kwa mkono, na aghalabu hakosei. Bali mhandisi anatakiwa aweze kutoa hesabu ya kipimo chake kabla kazi haijaanza, na kuitia sahihi.

Baina ya wawili hao yuko fundi sanifu, ambaye huisoma michoro ya mhandisi na kuisimamia kazi. Na chini yake yuko fundi mchundo, ambaye mikono yake ndiyo inayounda. Madaraja haya yamezoeleka sana katika utumishi wa serikali, na sisi twaona kuwa ni mpango mzuri wa majina, kwa sababu neno fundi limebaki katika mawili kati ya matatu na halikutupwa kama neno duni. Ama neno injinia, ambalo lasikika kila mahali, halina kosa katika mazungumzo. Katika maandishi rasmi ya Tanzania mhandisi ndilo linalotumika. Na tangu sheria ya mwaka 1997 iliyounda Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mtu hawezi kujiita hivyo kikazi bila ya kusajiliwa.

Elimu yenyewe ya uhandisi katika chuo kikuu haina umri mkubwa nchini Tanzania. Wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya mwaka 1963 na 1970, masomo yaligawanywa: sheria ilikuwa Dar es Salaam, udaktari Makerere, na uhandisi Nairobi. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa Mlimani mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani. Mwaka 1981 ikaanzishwa hapo hapo taasisi ya ubunifu katika uzalishaji, iliyojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, IPI, ambayo kazi yake ilikuwa kubuni mashine na vifaa na kuvifikisha kwa wazalishaji. Mwaka 2001 kitivo na taasisi vikaunganishwa katika chuo kimoja cha uhandisi na teknolojia ndani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangu mwanzo mwanafunzi amekuwa akipelekwa viwandani na kwenye miradi kujifunza kazi. Mafunzo hayo tunapendelea yaitwe mafunzo kwa vitendo. Wako wanaoyaita mafunzo kazini, lakini hayo ni ya mtu aliyekwisha kuajiriwa. Na utarajali ni wa mtu aliyekwisha kuhitimu. Maneno matatu, hali tatu. Hapana sababu ya kuyachanganya.

Matawi ya uhandisi yametajwa kwa mtindo wa kuunganisha nomino mbili pasipo kiunganishi: uhandisi umeme, uhandisi mitambo, uhandisi ujenzi. Wako wanaolalamika kwamba si Kiswahili fasaha, na kwamba ingefaa kusema uhandisi wa umeme. Sisi twaona yote mawili yaweza kuishi pamoja. La kutazama zaidi ni upana wa maana. Uhandisi ujenzi hauhusu nyumba tu, bali barabara, madaraja, mabwawa na maji taka. Msomaji anayesikia ujenzi akafikiri matofali peke yake amepata robo ya maana.

Sasa twende kwenye utafiti. Utafiti unaotafuta kujua kanuni ya jambo bila ya kujali litatumikaje, wengi huuita utafiti wa msingi. Hatulifurahii sana jina hili, kwa kuwa katika nchi ambayo kila mtu anaijua shule ya msingi, neno msingi limezoeleka kwa maana ya daraja la chini, ambapo utafiti huo kwa kawaida ni wa daraja la juu kabisa. Hata hivyo limekwisha kuenea, na kulitafutia badala ni kujisumbua. Utafiti unaochukua kanuni zijulikanazo na kuzielekeza kwenye shida maalumu huitwa utafiti tumizi, kwa kufuata mfano wa isimu tumizi. Mwanasarufi mkali atasema kuwa maumbo ya namna hii, kama elekezi na fafanuzi, hutaja kitu kinachotenda, si kitu kinachotendwa. Hivyo utafiti tumizi ungekuwa utafiti unaotumia, si utafiti unaotumiwa. Hoja yake ni ya kweli. Lakini utafiti huo kweli hutumia kanuni zilizogunduliwa na wengine, kwa hiyo tukilisoma neno kwa namna hiyo halitudanganyi.

Mfano mmoja utaonyesha jinsi istilahi inavyogusa maisha. Katika mikoa ya kaskazini, hususan Arusha na Kilimanjaro, maji ya chemchemi na visima vingi yana floraidi nyingi inayotokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Ikizidi sana, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na kwa miaka mingi mifupa nayo huharibika. Wahandisi na wanakemia wamelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu. Katika kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, umetumika mkaa wa mifupa. Katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, mhandisi kemikali Askwar Hilonga alibuni chombo cha kusafishia maji kinachotumia mchanga pamoja na vitu vya ukubwa wa nano, akapewa mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, ikiwa ndiyo mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa.

Vyombo vya namna hii kwa Kiswahili huitwa chujio au kichujio, na hapo ndipo penye matata. Kuchuja, kwa kila mpishi, ni kutenganisha kwa matundu: majani ya chai hubaki juu, chai hupita, tui hupita, machicha hubaki kifumbuni. Lakini floraidi imeyeyuka ndani ya maji kama chumvi ilivyoyeyuka katika mchuzi. Hapana kitambaa wala kifumbu kinachoweza kuizuia. Kuchemsha nako, ambako wananchi wamehimizwa kwa haki kabisa ili kuua vijidudu, hakuiondoi. Kwanza maji yakipungua kwa mvuke floraidi iliyobaki huzidi kukolea. Mtu aliyeambiwa kuwa maji yamechujwa huyatazama, akayaona maangavu, akaridhika. Na maji yenye floraidi ni maangavu tangu yalipotoka ardhini.

Basi mkaa wa mifupa hufanya nini? Maji yapitapo katikati ya chembe zake, floraidi hushikwa juu ya nyuso za chembe hizo, pamoja na nyuso za vitundu vidogo vilivyomo ndani yake. Katika ripoti kadhaa za Kiswahili tumeona kitendo hiki kikiitwa kufyonza. Neno hilo ni la sifongo, ambalo hujaa maji ndani kisha laweza kukamuliwa likarudia hali yake. Mwenye kuamini kwamba mkaa umefyonza, ataona ni sawa kuusuuza kwa maji safi na kuurudisha katika ndoo, na watoto wake wataendelea kunywa floraidi ile ile. Kwa kweli mkaa uliokwisha kazi haurudishwi kwa maji matupu; huhitaji dawa kali kama kostiki soda, ile itumiwayo na watengenezaji wa sabuni, na kazi hiyo si ya kufanyia jikoni.

Kwa kitendo hiki tunapendekeza kunasa, na jina lake unasaji; kufyonza kubakie kwa sifongo na udongo. Mfano wake ni ulimbo. Ndege hunaswa juu ya ulimbo, hawaingii ndani yake. Na ulimbo uliojaa manyoya na vumbi haunasi tena, ingawa kijiti bado kinaonekana mahali pake. Tunajua kuwa neno kunasa limeajiriwa pia katika kinasa sauti. Hilo halitutishi, kwani hakuna atakayedhani kuwa ndoo ya maji inarekodi.

Mafundi husema mkaa umechoka, kama wasemavyo oili ya gari imechoka. Ni usemi mzuri, na tungeuchukua mara moja lau uhandisi mitambo usingekuwa umekwisha kuuwahi: uchovu wa metali ni hali ya chuma kupasuka baada ya kukunjwa au kutikiswa mara nyingi mno, hata kwa uzito ambao mara moja kingeustahimili. Kwa hiyo katika maandishi ya maji tunapendelea kujaa: nafasi za kunasia zimejaa. Neno hilo pia humkumbusha msomaji kwamba kuna siku ya kubadilisha, na kwamba siku hiyo hujulikana kwa kupima, si kwa kutazama.

Upande wa matengenezo, lugha ya wananchi imewatangulia wataalamu. Mifupa inatakiwa iunguzwe katika hewa kidogo. Hewa ikizidi hugeuka myeupe, ikapoteza uwezo wake wa kunasa. Moto ukipungua, maji yatapata harufu na ladha mbaya. Rasimu moja tuliyopata kuiona ilitumia sentensi nne kueleza jambo hili. Lakini mchoma mkaa wa kijijini huulisha moto wake hewa kidogo kila siku, akifukia tanuri kwa udongo na kuacha tundu. Ukimwambia choma mifupa, atakupa majivu. Ukimwambia choma mkaa wa mifupa, nusu ya maelekezo amekwisha kuyapata katika jina.

Limebaki neno moja ambalo hatujaliafiki. Chombo cha kwanza kinachoundwa karakanani ili kijaribiwe kabla ya kutengenezwa kwa wingi, kiitweje? Sampuli haifai, kwa kuwa sampuli ni kimoja kilichotolewa katika vingi, na hapa vingi havijakuwako. Kiolezo ni mali ya seremala, naye hukitumia kukatia vingine kwa umbo lile lile. Mfano peke yake ni neno pana mno. Kwa sasa tunaandika mfano wa majaribio, lakini ni refu, na maneno marefu hayadumu karakanani. Wasomaji walio katika karakana za vyuo na za mitaani, iwapo wanalo neno wanalotumia wao kwa wao, tunaomba watuletee pamoja na sentensi mbili tatu zinazoonyesha linavyotumika.