Nipe taulo kuukuu na kijiti nikwambie kama tangi lenu linafanya kazi

Wacha nianze na aibu yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda, na kitu cha maana nilichotoka nacho maabara ni jinsi ya kuangalia maji machafu yakituama. Ndiyo, kuangalia tu, saa mkononi. Nilidhani ni ujuzi wa bure mpaka Desemba nilipoenda ushago Rusinga. Binamu yangu anasimamia vyumba vichache vya wageni karibu na ufuo. Akanivuta kando. "Buda, si wewe ulisomea mambo ya maji? Hebu kuja unuse hapa."

Nikanusa. Noma. Nyuma ya tangi la septiki ardhi ilikuwa imelowa tepetepe, na mvua haikuwa imenyesha siku nyingi. Hatua mia hivi kuteremka, akina mama walikuwa ziwani wakichota maji ya kupikia. Sasa unganisha hayo mawili kichwani mwako.

Wengi wetu tunadhani tangi la septiki ni shimo la kumeza kila kitu. Hapana. Kazi yake kubwa ni kuyapunguzia maji mwendo. Yakitulia, uchafu mzito unazama na kuwa tope, mafuta na povu vinaelea, na maji ya katikati yanatoka kwenda kuchujwa na udongo. Tope likipanda sana, maji hayana tena nafasi ya kutulia. Yanapita mbio na kubeba uchafu hadi nje. Choo bado kinapokea vizuri, kwa hivyo hakuna anayeshtuka.

Namna ya kupima ni rahisi mpaka inachekesha. Chukua kijiti kirefu, ukizungushie taulo kuukuu jeupe, vaa glavu. Kishushe hadi sakafu ya tangi, subiri dakika chache, kitoe polepole. Pale doa jeusi linapoishia ndipo tope limefika. Tope na povu vikishakula kama theluthi moja ya kina, ita gari la kunyonya. Letu lilikuwa limepita nusu. Na tafadhali, usiinamishe kichwa ndani wala usiingie, hata kama simu yako imetumbukia. Hewa ya humo ina salfidi ya hidrojeni, inaua mtu na inamuua pia anayemfuata kumwokoa.

Kwenye mitambo mikubwa, kama ule wa Kisat kule Kisumu, kanuni ni ileile, vipimo tu ndivyo vimevaa koti jeupe. Kuna chombo cha umbo la koni kilichopewa jina la Karl Imhoff, mhandisi Mjerumani. Unakijaza lita moja ya maji taka, unasubiri dakika 45, unakoroga taratibu pembeni ili zilizonata ukutani zishuke, unasubiri 15 tena. Halafu unasoma mililita ngapi zimekaa chini. Mahali ambapo maji husafishwa na bakteria, tope lao huachwa nusu saa kwenye chombo cha lita moja. Tuseme limetulia kwenye mililita 250, na lita hiyo ina gramu 2.5 za tope kavu: kila gramu imechukua mililita 100. Hapo mambo ni sawa. Ikivuka 150, tope limekuwa jepesi kama pamba, halitaki kuzama, na linaweza kuondoka na maji.

Kwa nini ukubwa wa chembe ni muhimu hivyo? Stokes alilieleza mwaka 1851: chembe ikiwa na upana mara mbili, inazama mara nne haraka zaidi. Zile ndogo kabisa zinaweza kuelea siku nzima.

Hapo ndipo nilipobishana na dani. Yeye huacha maji ya ziwa yatuame mtungini usiku kucha, asubuhi anamimina ya juu. "Nyathina, tazama, yanang'aa." Ni kweli yanang'aa, dani, lakini kijidudu cha kipindupindu hakionekani wala hakingoji kuzama. Kuchemsha kuko palepale. Hata sheria inajua macho hayatoshi: kanuni za ubora wa maji za Kenya za 2006 ziliruhusu miligramu 30 tu za chembe kwa kila lita ya maji taka yanayoachiliwa kwenye mazingira. Kiasi hicho hukipimi kwa koni, unahitaji kichujio, joto la kukausha na mizani ya maabara.

Gari la kunyonya lilitoka bara, likavuka daraja la Mbita. Nilicheka peke yangu. Miaka ya 1980 pale palijazwa mawe na udongo kutengeneza barabara, maji ya ghuba yakazibiwa njia, na wavuvi wakalalamika miaka mingi kabla ya daraja kujengwa maji yapite tena. Kisiwa kizima kinajua maana ya maji kukosa mwendo, na bado tangi la nyuma ya nyumba hatulifungui.

Bili ya gari ilimuuma binamu yangu. Tangu hapo kile kijiti kinakaa nyuma ya stoo, kimechorwa alama kwa rangi ya kucha, na kila baada ya miezi michache ananitumia picha ya taulo kwenye WhatsApp. Ya mwisho ilikuwa na doa la kina cha kiganja. Mpenzi wangu aliiona kabla yangu, na bado ananidai maelezo.