Kuendesha Programu ndani ya Kontena kwa Mstari wa Amri: Uchakataji wa Data za Sauti kutoka Ngara na Biharamulo

Uchunguzi wa fonolojia ya lugha zinazozungumzwa katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, hutegemea sauti zilizorekodiwa uwandani. Kihangaza na Kishubi, ambazo katika uainishaji wa Guthrie zimepewa alama D65 na D64, zimo katika kundi moja na Kinyarwanda (D61), Kirundi (D62) na Kiha (D66). Ukaribu huo una thamani kwa mwanaisimu, lakini una uzito pia kwa msemaji. Mwaka 2013, agizo la kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali na Operesheni Kimbunga iliyofuata viligusa mkoa wa Kagera, na swali la nani ni raia likawa swali la maisha ya watu. Katika mazingira ya namna hiyo, lafudhi iliyorekodiwa si data tu. Inaweza kumtambulisha aliyeitoa. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Hivyo basi, namna programu inavyoendeshwa ni sehemu ya maadili ya utafiti.

Programu inayotumiwa kama mfano hapa ni Montreal Forced Aligner. Programu hii hulinganisha rekodi na unukuzi wake, kisha huonyesha kila foni inaanzia na kuishia wapi, katika faili linalofunguka kwa Praat. Kwa lugha zinazotofautisha maana kwa urefu wa irabu, vipimo hivyo ni vya msingi. Tatizo ni kwamba programu yenyewe imejengwa juu ya Kaldi na maktaba nyingine nyingi, ambazo matoleo yake huweza kugongana na yale yaliyomo katika kompyuta ya mtafiti.

Kontena hutatua tatizo hilo kwa kuifunga programu pamoja na maktaba zake zote. Linapoendeshwa, kiini cha Linux hulipa mtazamo wake lenyewe wa faili, michakato na mtandao, na kinaweza kuliwekea kikomo cha kumbukumbu na kichakataji. Kontena si kompyuta pepe: halina kiini chake, bali hutumia kile cha kompyuta mwenyeji. Ndiyo maana huwaka haraka na hutosha katika kompyuta pakato ya kawaida. Docker, iliyotangazwa mwaka 2013, ndiyo iliyoueneza utaratibu huu.

Hatua ya kwanza hufanyika penye intaneti ya kutosha. Taswira ya programu hupakuliwa, kisha huhifadhiwa kama faili moja:

docker pull mmcauliffe/montreal-forced-aligner
docker save -o mfa.tar mmcauliffe/montreal-forced-aligner

Faili hilo hubebwa kwa diski hadi uwandani na kupakiwa bila intaneti:

docker load -i mfa.tar

Hatua ya pili ni kuliendesha kontena:

docker run --rm -it --network none -v ~/sauti:/sauti:ro -v ~/matokeo:/matokeo mmcauliffe/montreal-forced-aligner

Kila kipengele cha amri hii kina kazi yake. Kipengele --network none hulikatia kontena mtandao wa nje, hivyo programu haiwezi kutuma rekodi popote. Kila -v hufungua folda moja ya kompyuta mwenyeji. Kwa utaratibu wa kawaida, folda nyingine za mtafiti hazionekani. Herufi ro huiruhusu programu kusoma rekodi bila kuzibadilisha wala kuzifuta. Kipengele -it humwezesha mtumiaji kuandika amri akiwa ndani, na --rm huliondoa kontena kazi inapokwisha, pamoja na faili za muda zilizobaki ndani yake. Kinachosalia ni kile kilichoandikwa katika folda ya matokeo.

Hatua ya tatu hufanyika ndani ya kontena, baada ya kamusi ya matamshi kuwekwa katika folda ya matokeo:

mfa validate /sauti /matokeo/kamusi.txt
mfa train /sauti /matokeo/kamusi.txt /matokeo/kihangaza.zip
mfa align /sauti /matokeo/kamusi.txt /matokeo/kihangaza.zip /matokeo/mipaka

Amri ya kwanza hukagua data, ya pili hufunza modeli ya sauti, na ya tatu huweka mipaka ya foni.

Utengano huu una mipaka yake. Kontena halisimbi rekodi zilizomo katika diski. Kompyuta ikiibwa, sauti zimekwenda nayo. Vilevile, mtumiaji aliyepewa ruhusa ya kuendesha Docker kwa kawaida ana uwezo sawa na wa msimamizi mkuu wa kompyuta, kwa hiyo ruhusa hiyo haipaswi kutolewa kiholela. Kusimba diski na kuondoa majina ya wasemaji katika majina ya faili hubaki wajibu wa mtafiti.

Kwa mtahini, faida kuu ni uthibitishaji. Taswira iliyopakuliwa bila kutajwa toleo huweza kuwa tofauti mwaka ujao; lakini kila taswira ina kitambulisho cha sha256 ambacho hubadilika maudhui yake yakibadilika. Tasnifu inapotaja kitambulisho hicho pamoja na amri zilizotumika, na mtahini akaruhusiwa kuzitumia rekodi hizo chini ya ridhaa ileile ya wasemaji, anaweza kuirudia kazi kwa programu ileile na kukagua vipimo vyenyewe.