Miche ya michungwa ya chupa: inatengenezwaje, na inamsaidiaje mkulima?

Mchungwa wa kubebesha ni miti miwili iliyounganishwa. Juu kuna aina ya chungwa unalokula. Chini kuna shina la mti mwingine kabisa, na kazi yake ni kushika udongo, kunywa maji na kuhimili magonjwa ya mizizi. Wakulima wa Muheza, Tanga, wanalijua hili: wanaotesha mlimau, kisha wanaubebesha kikonyo cha mchungwa.

Siku hizi shina hilo la chini linaweza kuzalishwa maabara, ndani ya chupa, bila mbegu. Florida, Marekani, inaonyesha kwa nini watu wanahangaika nalo.

Florida kulitokea nini?

Msimu wa 2003/04, Florida walivuna maboksi milioni 242 ya machungwa, kila boksi kama kilo 41. Mwaka 2005 ukagunduliwa ugonjwa wa HLB. Unaletwa na bakteria wanaobebwa na mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa majani.

Mti ukishaupata, majani yanaingia mabaka ya njano, matunda yanabaki madogo, machungu na ya kijani, na mizizi inaoza. Tiba ya kuuondoa kabisa haipo. Msimu wa 2022/23 mavuno yalikuwa maboksi kama milioni 16 tu, ingawa kimbunga nacho kilichangia.

Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani wakatoa mashina ya chini yanayovumilia zaidi, kama US-942 na US-897. Wakulima wakayataka haraka. Shida ikawa mbegu.

Kwani mbegu hazitoshi?

Mbegu nyingi za jamii ya machungwa zina ajabu yake: miche inayoota inafanana kabisa na mti mama, maana viini vyake havikutokana na uchavushaji. Ndiyo maana kwa miaka mingi mbegu ilikuwa njia rahisi.

Lakini si aina zote ziko hivyo. Tena, aina ikiwa mpya, miti ya kutoa mbegu ni michache, na inachukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa.

Chupani inakuwaje?

1. Kipande kifupi cha tawi chenye jicho kinakatwa kwenye mti mama uliopimwa magonjwa.
2. Kinasafishwa kwa spiriti na dawa ya klorini ili kuua ukungu na bakteria wa nje.
3. Kinawekwa kwenye rojorojo lenye sukari, madini na homoni ya kuchipusha. Chumba kina joto la nyuzi kama 25 na taa saa 16 kwa siku.
4. Machipukizi yakitoka, yanakatwa na kuwekwa kwenye chupa nyingine. Yanachipua tena.
5. Yakitosha, yanahamishiwa kwenye homoni ya mizizi.
6. Mwisho yanatolewa na kuzoezwa taratibu kwenye banda lenye unyevu mwingi. Hapa ndipo mingi hufa ikiharakishwa.

Piga hesabu: tuseme kila chipukizi linatoa matatu kwa mwezi mmoja na nusu. Baada ya mizunguko 6, yaani miezi 9, moja limekuwa 729.

Mizizi yake ni imara?

Mche wa mbegu una mzizi mkuu unaozama chini. Wa chupa unaota mizizi kadhaa kutoka kwenye shina, kwa hiyo wengi waliogopa kwamba utakuwa dhaifu. Majaribio ya shambani Florida yalionyesha kuwa aina ya shina ina uzito zaidi kuliko njia iliyotumika kulizalisha.

Usidanganyike hapa

Chupa si chanjo. Mche ukitoka safi, mdudu akiufyonza shambani unaambukizwa kama mwingine. Pia, kama mti mama ulikuwa na virusi, chupa inaweza kuvizalisha pamoja na miche. Usafi unaanzia kwenye kupima mti mama, na kikonyo nacho kitoke kwenye mti uliopimwa.

Hili linatuhusu. Mdudu yule yule wa Florida aliripotiwa Tanzania mwaka 2016, na baadaye Kenya.

Basi kabla hujatoa hela ya mche, uwe wa mbegu au wa chupa, muulize muuzaji:

- Shina la chini ni la aina gani?
- Mti mama na mti wa kikonyo vilipimwa magonjwa?
- Miche ilikuzwa kwenye banda lenye wavu wa kuzuia wadudu?

Asipokuwa na majibu, tafuta kwingine. Mchungwa unaishi miaka mingi, na ukishaubebesha juu ya shina baya, hubadilishi tena: unang'oa na kuanza upya.