Kazi Iko Wapi, na Mfanyakazi Analala Wapi?



Kila mkutano wa tawi lazima mtu asimame aseme, "Tunataka nyumba." Ni haki yake. Lakini tajiri akituuliza nyumba ngapi, za nani, mahali gani, tunatazamana. Mimi mwenyewe niliwahi kutazama sakafu namna hiyo mbele ya meneja, na siku ile tulitoka mikono mitupu. Basi leo tuelezane jinsi kazi na safari ya kazini vinavyoamua nyumba zinazotakiwa.

Tuchukue Jinja, ambayo wengi wetu tunaijua. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, umeme ukavuta viwanda: nguo, na kuyeyusha shaba iliyochimbwa Kilembe na kuletwa kwa reli. Watu wakaja kutoka Busoga, kutoka kaskazini, hata kutoka Kenya. Ndiyo maana mtaa wa Walukuba ulijengwa, kwa vile watu hao hawakuwa na kwao pale mjini. Baada ya mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa, viwanda vingi vililegea. Kazi ikapungua, lakini watu hawakuondoka wote, maana watoto walikwisha kuzaliwa pale. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wanawake wa Masese, jirani hapo, walianza kujijengea nyumba wenyewe kwa msaada wa Denmark, wakifyatua matofali na kujifunza uashi. Hao hawakungoja kiwanda.

Sasa tazama Kakira, karibu na Jinja. Kule tangu miaka ya 1930 watu wamewekwa katika makambi ndani ya shamba, kwa sababu miwa ni mingi na mji uko mbali kwa mtu wa miguu. Lakini siku hizi miwa mingi inalimwa pia na wakulima wadogo vijijini. Mkataji wa miwa hiyo hana kambi. Analala kwa jamaa, au anapanga muzigo, kile chumba kimoja cha familia nzima, na msimu ukiisha anahama. Ukihesabu vyumba vya kambi peke yake, huyu humwoni kabisa.

Tena kuna wale wanaotoka mbali kila siku. Tuseme mwenzetu anakaa kilometa 8 kutoka kiwandani, naye anatembea. Kwenda na kurudi ni kilometa 16, kama saa 3 njiani. Kwa siku 26 za mwezi ni saa 78, yaani karibu siku 10 za kazi ya saa 8 ambazo halipwi hata senti. Akipanda boda boda anaokoa miguu, lakini mshahara unabaki barabarani. Na mama wa zamu ya usiku anayetoka saa sita usiku, huyo siongezi neno. Mnajua njia ilivyo.

Lakini angalieni: si kila anayetoka mbali anataka nyumba. Mwenye shamba lake, migomba yake na wazee wake kijijini, ukimpa chumba kambini atakupisha. Huyo anataka basi la zamu. Mpangaji anayenyonywa na mwenye nyumba ndiye anayetaka chumba cha karibu, au posho ya nyumba inayotosha kodi kweli. Mahitaji ni mawili tofauti, na tukiyachanganya tajiri atatupa lile la bei rahisi.

Halafu jambo la kambi yenyewe. Nilipokuwa kijana nikikata miwa katika shamba moja, jirani yangu aliachishwa kazi Jumatatu. Jumamosi vyombo vya mkewe vilikuwa nje, na mvua inanyesha. Alipoteza kazi na nyumba kwa barua moja. Wengine tuliobaki tuliogopa hata kuhudhuria mkutano wa chama. Shirika la Kazi la Kimataifa liliona jambo hili: katika Pendekezo namba 115 la mwaka 1961, lilisema kwa kawaida haifai mwajiri kuwapa wafanyakazi nyumba yeye mwenyewe, isipokuwa pale inapobidi, kama kazi iliyo mbali na miji. Na hata hapo, uhuru wa kujiunga na chama uheshimiwe, na kodi isizidi kiasi cha haki cha kipato. Kwa hiyo tukiomba kambi, tuombe na maandishi: mtu akiachishwa au akifariki, familia ikae muda gani.

Kabla ya mazungumzo yajayo na mwajiri, kila mjumbe achukue daftari asimame getini kwenye kila zamu, pamoja na ile ya usiku. Aulize: unalala wapi, umefikaje, umetumia saa ngapi na fedha ngapi, unalala na watu wangapi chumbani, je, ungehama ukipewa nyumba karibu? Vibarua wa msimu waandikwe ukurasa wao. Majina yasiandikwe, watu wasiogope. Daftari likijaa lipelekwe kwa katibu wa tawi.