Mbwa Wakubwa na Wadogo ni Jamii Moja

Mfugaji, pengine umezoea kumwona mbwa wa kijijini tu, ambaye kimo chake chafika gotini. Lakini ulimwenguni wako mbwa wa vimo vingi mno. Mwaka 2011, huko Marekani, mbwa mmoja wa namna ya Great Dane, jina lake Zeus, alipimwa akaonekana ana sentimita 111.8 toka chini hata mabegani. Chihuahua naye, kwa kawaida, hazidi kilo 3, uzito wa jogoo.

Hata hivyo hao wote ni jamii moja. Asili yao ni mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za Ulaya na Asia, na watu wamefuga mbwa kwa miaka zaidi ya 14,000. Usimdhani kuwa ndiye mbwa mwitu wa nyika zetu mwenye mabaka. Huyo ana vidole vinne katika mguu wa mbele, na mbwa wa nyumbani ana vitano. Wanadamu ndio waliochagua wakubwa wa kulinda mifugo, na wadogo wa kuingia mashimoni kuwinda, wakawazalisha kizazi baada ya kizazi.

Basi yafaa ukumbuke mambo mawili. Kwanza, jike mdogo asipandwe na dume mkubwa mno. Mimba huchukua siku 63 hivi, na watoto wakizidi ukubwa, mama aweza kufa katika kuzaa.

Pili, nalo ni kubwa zaidi, kichaa cha mbwa hakichagui kimo. Watu wengi wakiumwa na mbwa mkubwa hukimbilia hospitali, bali mtoto akikwaruzwa kwa meno na kibwa kidogo, wazee wake hucheka tu. Hiyo ni hatari kuu. Sumu ya ugonjwa imo katika mate, na dalili zikiisha kumtokea mtu, ni shida sana kupona. Kwa hiyo osha jeraha pale pale kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, kisha mpeleke mtu hospitali siku ile ile apigwe sindano.

Tena umpeleke kila mbwa wako kwa bwana mifugo achanjwe, hata aliye mdogo. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Usiwe wewe wa kuuachia mlango.