Je, Wajua? Sabufa Itazamayo Ardhi

Je, wajua kwamba fundi wa Embu au Meru aundaye kasha la sabufa kwa mikono yake, akaielekeza spika ardhini badala ya kumkabili msikilizaji, hapotezi kitu katika besi? Sababu yake ni dhahiri: wimbi la mitetemo 40 kwa sekunde lina urefu wa takriban meta 8 na nusu, hata kasha zima huwa dogo mno mbele yake, nayo sauti huenea pande zote sawasawa.

Lililo faradhi ni nafasi ya pumzi. Kwa spika ya inchi 12, yaani sentimeta 30, miguu ya kasha isipungue kimo cha sentimeta 7 na nusu, robo ya kipenyo, kwani hapo ndipo upenyo uizungukao hulingana kwa eneo na spika yenyewe. Mbao za mgrivea, mti wa asili ya Australia uliozagaa mipakani mwa mashamba ya kahawa ya Embu, zapatikana kwa wepesi, lakini mimi, kwa taadhima kwa maseremala, ningechagua plaiwudi nene isiyopinda, viungo vyake vikazibwa kwa gundi hewa isivuje. Tena spika yenye ukingo laini kupita kiasi haifai, maana uzito wake huivuta chini daima.