Ukiwapeleka watoto Unguja, anzeni shamba

LIKIZO ikikaribia, familia nyingi za Dar es Salaam huwaza Unguja: boti ya saa mbili hivi, kuogelea, jioni Forodhani kula urojo na mishikaki ya pweza. Nasi mwaka jana tulikwenda hivyo hivyo.

Siku ya kwanza tulizunguka Mji Mkongwe. Tulipofika Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, binti yangu wa darasa la tano alisimama kwa muda mrefu mbele ya sanamu za watu watano waliomo shimoni, minyororo shingoni.

"Baba, waliowanunua waliwapeleka kufanya kazi gani?"

Nilimwambia twende tukale aiskrimu.

Kesho yake tukiwa kwenye shamba la viungo Kizimbani, alipata jibu bila mimi. Mtembezaji alimkatia kijitawi cha karafuu, akamweleza kuwa enzi za masultani waliopalilia na kuchuma karafuu hizo walikuwa watumwa. Mtoto akanigeukia: "Kumbe waliletwa huku!"

Niliona haya. Ndiyo maana nawashauri wazazi wenzangu: anzeni shamba, mji ufuate.

Siku ya shamba

Kwa Waunguja, "shamba" ni nje ya mji. Kizimbani na Kidichi ni mwendo wa kama nusu saa kwa gari. Hapa watoto hawachoki: wananusa gome la mdalasini, wanaona iliki inavyozaa chini kabisa karibu na ardhi, wanajipaka mzingifuri midomoni. Waulizeni watembezaji habari za karafuu: huchumwa ikiwa bado tumba, huchambuliwa kutoka kwenye vikonyo vyake, kisha huanikwa juani.

Kidichi pana hamamu ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850. Mkirudi mjini, piteni Mtoni kwenye magofu ya kasri alikozaliwa Binti Salme mwaka 1844. Huyu ndiye binti wa Sultani aliyehamia Ujerumani na kuandika kitabu cha maisha yake.

Mkiwa na siku ya ziada, nendeni msitu wa Jozani mkamwone kima punju, ambaye asili yake ni Unguja tu. Pana pia njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko. Msiwaguse wala kuwalisha kima.

Siku ya mji

Sasa mtoto ameshaishika karafuu, na majumba ya mjini atayaangalia kwa jicho jingine. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba kwa shinikizo la Waingereza. Lakini mashambani kazi iliendelea, kwani utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1897. Beit el Ajaib, jumba la fahari la Barghash, lilijengwa mwaka 1883, katikati ya miaka hiyo. Sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020, hivyo ulizeni kwanza kama mnaweza kuingia. Hata kwa nje linatosha kuanzisha mazungumzo: fedha za fahari hii zilitoka wapi?

Mkunazini pawe asubuhi, watoto wakiwa hawajachoka. Vyumba vya chini ni vyembamba, vyenye giza na dari la chini. Mtoto mdogo anayeogopa abaki juu na mzazi mmoja.

Mjibu nini?

Jibuni kwa ukweli, kwa kadiri ya umri. Kwa mtoto wa miaka sita inatosha kusema watu walichukuliwa kwa nguvu makwao na kufanyishwa kazi bila malipo. Mkubwa aambiwe kuwa wengine walivushwa hadi Arabuni na wengi walibaki kwenye mikarafuu ya Unguja na Pemba. Asiondoke akidhani lilikuwa kosa la kabila au dini moja. Waliokamata, waliouza, waliokopesha fedha na walionunua walitoka bara, pwani, Arabuni, India na Ulaya. Kama hujui jambo, sema hujui, mkamuulize mtembezaji pamoja.

Kabla ya kuondoka

• Bebeni vitambulisho. Sehemu nyingi wenyeji hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni.
• Patana bei ya gari na ya mtembezaji kabla ya kuanza safari.
• Mavazi yawe ya heshima mjini na vijijini. Viatu viwe vya kufunga.
• Maji ya kutosha na kofia. Saa sita hadi saa tisa mchana pumzikeni kivulini.
• Nunueni viungo kwa wakulima wenyewe shambani.

Karafuu tulizonunua bado zipo jikoni. Kila pilau ikipikwa, binti yangu huuliza swali jipya, nami siku hizi sikimbilii aiskrimu.